Kinyume cha Kijicho

(Maelezo haya yalisomwa kwanza redioni katika kipindi cha kila wiki.)

Mwaka jana nilizungumza katika kipindi hiki juu ya ugomvi wa ndugu kwa ndugu, na nikamaliza kama tulivyozoea kumaliza sisi watu wa redio, kwamba ni vyema watu wakasameheana. Kesho yake nikapata ujumbe wa simu kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Mikanjuni, hapa Tanga. Aliandika kwa kifupi: "Mtangazaji, kila mtu anatuambia tusamehe. Hakuna anayetuambia tunasamehe vipi. Mwenzio nina mwaka wa nne najaribu."

Sikumjibu. Sikuwa na jibu, na zaidi ya hapo niliona haya, kwa sababu mimi niliyekuwa nikiwahubiria wenzangu hewani nilikuwa na mwaka wa sita sijasemezana na baba yangu mdogo. Tukikutana msibani tulipeana mikono kwa ajili ya watu. Basi. Leo namjibu msikilizaji yule, kwa kuchelewa, na naomba radhi.

Ugomvi wenyewe uko Bungu. Nikitaja Bungu watu wa Dar es Salaam hudhani nasema ile ya barabara ya Kilwa, kwenye mikorosho na mihogo. La, hii yangu ni ya milimani, wilaya ya Korogwe, katika Usambara Magharibi, mahali ambapo asubuhi ukungu ukiinuka unaliona bonde la mkonge liko chini kabisa kama mkeka uliotandikwa. Huko ardhi ni haba na imeinama, na kila hatua moja ya tambarare ina historia ya watu walioinunia. Baba alipofariki, shamba lake na la mdogo wake lilitenganishwa na mstari wa masale, na kando ya masale palikuwa na kinjia anachopita mama yangu kwenda barabarani. Baba mdogo akapanda migomba katika kile kinjia. Mama amepita miaka sabini, na tangu siku ile huzunguka kwa chini, kwenye mteremko unaoteleza mvua za vuli zikishika. Tulikwenda baraza la kata, ambalo kisheria tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Tukakaa, tukasikilizwa, tukaondoka kama tulivyokuja. Huwezi kusuluhisha watu wawili ambao kila mmoja amekuja kuthibitisha ubaya wa mwenzake.

Nikawa narudi Tanga na ule ugomvi ndani ya gari. Nalala nao. Naamka saa tisa usiku nikitunga maneno ambayo ningemwambia, maneno makali yaliyopangika vizuri kuliko taarifa yoyote niliyowahi kuisoma. Mkewe mtu akimwuliza "una nini?" husema "hamna kitu". Daktari alipopima shinikizo la damu aliniuliza swali hilo hilo, nami nikampa jibu hilo hilo.

Sasa nije kwenye lile nililolipata. Nililipata Dar es Salaam, kwa bahati ya kazi. Nilikuwa natengeneza kipindi juu ya dini zilizomo katika jiji lile ambazo watu hawazijui, nikafika kwenye hekalu la Wabudha. Wengi hupita karibu nalo bila kujua. Ni la siku nyingi, tangu miaka ya 1920, na walioliweka ni Wasinhala, watu wa kisiwa cha Ceylon tunachokiita leo Sri Lanka, waliokuja huku kwa kazi na biashara zao enzi za Mwingereza. Na wala Ubudha katika Afrika Mashariki si jambo la wageni peke yao. Jirani zetu Waganda wana mtawa wao, Bhante Buddharakkhita, ambaye kwa jina la kuzaliwa ni Steven Kaboggoza. Alikwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana huko na watawa kutoka Thailand, akatawazwa kuwa mtawa huko California mwaka 2002, na mwaka 2005 akarudi nyumbani akaanzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda, karibu na Entebbe.

Pale Dar es Salaam nilimhoji mtawa mmoja mwenye vazi la rangi ya zafarani. Mahojiano yalipokwisha na kinasa sauti kimezimwa, nikamwuliza swali la msikilizaji wangu kana kwamba ni la msikilizaji wangu tu. Akacheka kidogo. Akasema wao hawaanzi na kusamehe. Wanaanza na kitu wanachokiita meta.

Neno hili kwa sikio la Mswahili ni zuri, maana nasi tuna kumeta, kung'aa. Lakini ni neno la Kipali, lugha ya maandiko yao ya zamani, na limetokana na neno lenye maana ya rafiki. Wengine hulitafsiri kuwa upendo. Mimi naona upendo ni neno kubwa mno hapa, nalo lina mambo mengi ndani yake, na la mapenzi ya bwana na bibi limo. Naona tafsiri iliyo karibu zaidi ni kumtakia mtu heri. Kutaka kwa dhati awe salama, awe mzima, moyo wake utulie. Si lazima umpende, wala umkubali, wala umwachie shamba.

Katika masimulizi ya Wabudha, mafundisho haya yana asili yake ya msituni, na hapo ndipo yaliponinasa mimi mtoto wa Usambara. Husimuliwa kwamba watawa mia tano walikwenda kukaa katika msitu ulio chini ya milima ya Himalaya wakati wa masika. Pepo wa miti ile wakachukia kuona wageni wamekuja na hawaondoki, wakaanza kuwatokea usiku kwa maumbo ya kutisha, kwa sauti na kwa harufu mbaya. Watawa wakakimbia, wakarudi kwa Buddha kuomba wapewe msitu mwingine. Yeye akawarudisha kule kule. Hakuwapa hirizi wala zindiko la kuwafunga pepo. Aliwapa maneno ya kuwatakia heri viumbe wote, pepo wale wakiwemo, nayo ndiyo yaliyomo katika andiko fupi liitwalo Metta Sutta, ambalo Wabudha wa Sri Lanka, Thailand na Burma hulisoma hadi leo kwenye shughuli zao. Pepo, kwa masimulizi hayo, waligeuka wakawa walinzi.

Msomaji anaweza kusema hizo ni hadithi. Sawa. Lakini mtu wa kwetu akisikia habari ya miti yenye wenyewe hashangai. Kinachomshangaza ni dawa. Maana sisi, tuseme kweli, tumeiendeleza sana elimu ya nia mbaya. Tunajua kijicho, tunajua husuda, tunajua laana ya mzazi na mdomo mbaya wa jirani. Tunaamini kabisa kwamba mtu anaweza kukaa nyumbani kwake, akawaza ubaya, na ubaya ule ukavuka mpaka ukafika kwako. Mtu akijenga nyumba ya bati jipya anaogopa macho ya wapitao. Lakini niambieni, ni nani kati yetu anayekaa asubuhi dakika kumi akifanya kinyume chake, akituma heri kwa makusudi, kwa bidii ile ile anayoitumia mwenye husuda? Tumesoma nusu moja ya somo tukaliacha.

Hata hivyo wazee wa Usambara hawakuwa mbali na nusu ile nyingine. Mwanahistoria wa Kimarekani Steven Feierman, aliyeishi kwetu na kuchapisha kitabu juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974 na kingine mwaka 1990, ameeleza kwa kirefu maneno mawili ya Kishambaa ambayo nilikua nikiyasikia bila kuyatilia maanani: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Wakuu wakishindana wao kwa wao, mvua ilikatika na njaa ikaja. Mamlaka yakitulia mahali pamoja, nchi ilipona. Maana yake ni kwamba kule milimani hasira ya mkubwa haikuhesabiwa kuwa mambo yake ya ndani. Ilikuwa ni habari ya chakula.

Turudi kwenye kazi yenyewe, maana msikilizaji wa Mikanjuni aliuliza vipi.

Nilivyotoka pale hekaluni nilijiona nimeshaelewa. Usiku ule ule, katika nyumba ya wageni, nikakaa kitandani, nikafumba macho, nikamleta baba mdogo mbele yangu nikaanza kumtakia heri. Dakika haikwisha. Nilimwona na migomba yake, nikamwona mama anateleza, na nikajikuta nimeuma meno. Nililala na hasira kuliko siku zote. Nikasema mambo haya ni ya watu wa mahekaluni.

Kumbe nilikuwa nimeanzia mwisho. Katika karne ya 5 aliishi Sri Lanka mwanachuoni aitwaye Buddhaghosa, ambaye kitabu chake Visuddhimagga kimepanga mazoezi haya hatua kwa hatua kama fundi anayemwelekeza mwanafunzi wake. Nimekisoma kwa tafsiri, sura ya meta, na nikacheka peke yangu, kwa sababu makosa yangu yote yameandikwa mle. Anasema usianze na adui, utachoka bure. Usianze na mtu unayempenda sana, maana akipatwa na dogo tu utalia. Usianze na yule unayemtamani, kwani tamaa itavaa nguo za meta na hutaijua. Yeye huiita tamaa adui wa karibu, na chuki adui wa mbali, na adui wa karibu ndiye mgumu kumtambua. Na usianze na aliyekufa. Hili la mwisho nilikuwa nimelifanya pia. Safari ya pili nilimweka marehemu baba, nikaishia kulia, na kilio si kibaya, ila siyo kazi niliyokuwa nimeikalia.

Unaanza na nafsi yako. Hapa nilipinga sana moyoni, nikaona ni ubinafsi. Baadaye nikaelewa kwamba nafsi ndiyo kipimo: nikijua mimi nataka kulala usingizi, kupona na kutoogopa, ndipo najua mwenzangu anataka nini. Maneno yangu niliyatunga mwenyewe kwa Kiswahili: niwe salama, niwe mzima, moyo wangu utulie, siku yangu ipite vizuri. Nayasema polepole, nikikaa kwenye kiti cha kawaida kabla ya adhana ya alfajiri, dakika kumi kwa saa. Fikra zikienda sokoni nazirudisha.

Halafu unaweka mtu aliyekutendea wema, aliye hai. Mimi niliweka mwalimu wangu wa darasa la nne. Hii ni hatua nyepesi, sina la kusema juu yake.

Ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Unatakiwa uchague mtu asiyekuhusu, humpendi wala humchukii. Nikamchagua kijana anayetembeza kahawa jioni barabara ya ofisini kwetu, na birika lake na vikombe vinavyogongana. Nimenunua kahawa kwake labda miaka mitatu. Siku ya kwanza nilipofumba macho nimlete, sikuweza kukumbuka uso wake. Nilikumbuka birika. Jioni yake nilimtazama vizuri, nikamwuliza kwao wapi, akasema Mlalo. Nikamwuliza kama huwa anasikiliza kipindi chetu. Akasema huwa anakisikia kwa jirani, na kwamba mtangazaji yule anaongea sana. Nilimlipa kahawa yangu nikaondoka. Asubuhi yake nilimtakia heri hivyo hivyo, kwa shida kidogo.

Nilikaa kwenye hatua hizo tatu karibu miezi mitatu. Nasema hivyo kwa sababu watu hutaka matokeo ya wiki. Mwaka 2008 Barbara Fredrickson wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Marekani na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi 139 wa kampuni moja, baadhi yao wakifundishwa kutafakari kwa meta na wengine wakingoja zamu. Waliofundishwa waliongezeka furaha, shukrani na hisia nyingine njema za kila siku, lakini tofauti ilikua kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Kwa mtu anayelima hilo halihitaji maelezo.

Ndipo nikamrudia baba mdogo. Buddhaghosa anajua kwamba hasira itarudi, naye ana orodha ndefu ya dawa, ukishindwa hii jaribu ile. Anakwambia mwenye hasira ni kama aliyeshika kaa la moto ili amtupie mwenzake: wa kwanza kuungua ni yeye. Anakwambia mtazame yule mtu sehemu sehemu, kisha ujiulize unaikasirikia ipi, nywele zake au kucha zake? Hili lilinichekesha likanisaidia. Nikamkumbuka baba mdogo akinibeba mabegani kunipeleka zahanati usiku, nikiwa na homa, mimi mtoto wa miaka sita. Mabega yale ndiyo haya haya yaliyochimba mashimo ya migomba.

Kuna mfano mmoja mle ambao sijauweza bado. Tuseme umekaa na watu watatu, rafiki yako, asiyekuhusu na adui yako, wakaja majambazi wakataka mmoja kati yenu wanne wamwue. Ukisema mchukueni adui, hujafika. Wengi watadhani jibu la mcha Mungu ni kusema nichukueni mimi. Anasema hapo nawe hujafika, kwa sababu bado unagawa watu kwa mafungu, na fungu lako umelitoa. Aliyefika haoni hata mmoja wa kutoa. Nilimsimulia mke wangu, akasema huyo aliyeandika hakuwahi kuvamiwa.

Najua yupo msomaji anayejiuliza kama haya hayaingilii dini yake. Mimi ni Muislamu, shangazi zangu wawili ni Walutheri waimba kwaya, na sijaona mahali nilipotakiwa kuabudu kitu. Kuwaombea heri hata wasiotupenda tumefundishwa misikitini na makanisani. Nilichokikosa ni utaratibu, na utaratibu nimeukuta kwa wenzetu. Lakini si haki kuuchukua tukaona ni dawa ya usingizi tu. Kwao ni sehemu ya njia nzima ya maisha, na meta ina ndugu zake watatu: huruma kwa aliye taabuni, furaha kwa mafanikio ya mwenzako, na utulivu wa moyo usioyumba. Ile furaha kwa mafanikio ya mwenzako huitwa mudita, na naitaja kwa ajili yetu wa mjini tunaohesabu magari ya majirani.

Na lingine nilisisitize. Kumtakia mtu heri si kumwachia haki ya mtu mwingine. Kinjia ni cha mama yangu, si changu. Sikulifuta dai lile, wala sikukusudia kulifuta. Kilichobadilika ni kwamba sasa naweza kulisema bila sauti yangu kupanda.

Dawa ya mwisho katika ile orodha, yote yakishindikana, ni zawadi. Mpe adui yako kitu kilicho chako, au upokee kilicho chake. Nikakumbuka siku ya baraza: baba mdogo aliishika ile karatasi mbali na uso, mkono umenyooka wote, midomo inakwenda, na mwisho akampa mtu mwingine amsomee. Wakati ule nilifurahi kuona vile. Mwezi uliopita nikaenda dukani hapa Tanga nikanunua miwani ya kusomea.

Nilipanda Bungu Ijumaa. Mama alipoiona akaniuliza ya nani, nikamwambia. Akanyamaza akichambua maharage, kisha akasema, "Mwanangu, unampa macho ya kusomea kesi." Sikuwa na jibu. Nikatoka nikapita kwenye migomba, nikabisha hodi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba." Hakunikaribisha ndani, lakini alisogeza kigoda.

Nikampa. Aliigeuzageuza, akaivaa, akaingia ndani akatoka na karatasi ya baraza, ikiwa imekunjwa mara nne. Akaisoma yote, taratibu, kuanzia tarehe. Mimi nimekaa, natazama kuku. Alipomaliza aliinua kichwa akayatazama masale, miwani bado iko puani, akaivua kwa sababu ya mbali haimsaidii, akatazama tena.

"Hapa wameandika hatua kumi," akasema. "Marehemu hakupima kwa hatua. Alipima kwa kamba."

"Sikuwepo, baba mdogo."

"Hukuwepo." Akaikunja karatasi. "Njoo kesho asubuhi tupime. Lete kamba yako. Na mimi nitaleta yangu."